Saa janja mkononi: mapigo inayajua, presha inabahatisha

Mchuuzi wa samaki wa Tanga anayetoka Deep Sea asubuhi na tenga nyuma ya baiskeli, akanyonga hadi Pongwe, akauza njia nzima na kurudi mjini kabla ya adhuhuri, amefanya mazoezi ambayo wengi wetu hatuyafanyi kwa wiki. Mvalishe saa janja, kisha jioni utazame imeandika nini. Huenda ukakuta hatua chache za kupanda na kushuka baiskeli, na juu yake ujumbe wa kumhimiza asikae sana, ainuke atembee kidogo. Shangazi aliyeketi juu ya mbuzi kule Makorora, akikuna nazi za shughuli ya kesho, yeye anaweza kuandikiwa mamia ya hatua ambazo hakuzitembea.

Saa haina chuki na wachuuzi. Ndani yake mna kihisi kidogo kinachopima mtikisiko wa mkono, na waliotunga hesabu zake walichukulia kwamba anayetembea hupunga mikono. Mkono ulioshika usukani wa baiskeli umetulia, na wa msukuma mkokoteni vilevile. Mkono unaokuna nazi unakwenda mbele na nyuma kwa mpigo mmoja, kihisi kikaupokea kama mwendo wa miguu. Mcheza baikoko hodari, ambaye kazi yote iko kiunoni, anaweza kumaliza ngoma huku saa ikimwona kama mtu aliyesimama foleni benki. Saa nyingi za kampuni zinazojulikana zina sehemu ya kuchagua kwamba sasa unaendesha baiskeli, zikaacha hatua na kufuata mapigo ya moyo na umbali. Lakini mwenye tenga la vibua juani hana muda wa kubonyeza vioo.

Hata hiyo shabaha ya hatua 10,000 kwa siku, ambayo watu huikimbilia mpaka wanazunguka uani usiku ili itimie, haikutoka hospitalini. Ilienezwa na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, wakati mazoezi yalipokuwa gumzo la nchi nzima. Ilikuwa namba nzuri ya tangazo. Watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake wazee 16,741 walichapisha mwaka 2019 kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango kidogo kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida iliendelea kupanda hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Bibi wa Chumbageni anayekwenda sokoni kwa miguu na kurudi hana deni la kulipa.

Naanza na baiskeli na nazi kwa sababu saa hizi zimeshazoeleka katika maduka ya simu ya Ngamiani, nyingi zikipitia Kariakoo, na watu wanazinunua kwa imani kubwa kuliko uwezo wake. Ziko za shilingi elfu thelathini au arobaini, na ziko zinazozidi milioni. Boksi la ile ya elfu thelathini ndilo lenye ahadi nyingi zaidi: mapigo ya moyo, presha, sukari, oksijeni, joto la mwili, usingizi, na pengine picha ya moyo mwekundu unaotoa miale. Watoto walioko Dar es Salaam, Muscat au Uingereza wanawatumia wazazi wao kama zawadi. Kijana wa kikundi cha jogging anaitaka ajue amekimbia kilomita ngapi. Mama mwenye presha anaitaka asipange tena foleni. Hawa wawili wananunua kitu kimoja kwa mahitaji tofauti kabisa, na mmoja wao anadanganywa.

Taa ya kijani inaona nini

Geuza saa uitazame upande wa ngozi. Utaona taa ndogo za kijani zinazomemeteka, na kati yake kijicho cha kupokea mwanga. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, mishipa midogo chini ya ngozi hujaa damu, mwanga unaorudi hupungua. Moyo ukipumzika, mwanga huongezeka. Saa inahesabu kupungua na kuongezeka huko, basi. Haioni moyo wenyewe wala mafuta yaliyoganda kwenye mishipa.

Kwa kazi hiyo moja saa ya kampuni inayoeleweka inastahili sifa. Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2017 kilichapisha majaribio ya vifaa 7 vya mkononi kwa watu 60 waliotembea, waliokimbia na kuendesha baiskeli za mazoezi. Vifaa 6 kati ya 7 vilikosea mapigo ya moyo kwa chini ya asilimia 5. Kwenye kalori mambo yakawa mengine: kilichokuwa bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibovu kuliko vyote kwa asilimia 93. Kwa hiyo saa ikikwambia umeunguza kalori 400 pale Raskazone, usiitumie kama hati ya kuongezewa sahani ya pilau.

Mtikisiko huvuruga taa hizo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke uliotoka mwaka 2020 ulikuta makosa ya mapigo wakati wa shughuli yakizidi yale ya wakati wa kupumzika kwa asilimia 30. Ukitaka namba ya kuiamini, keti, tulia, kaza mkanda kiasi usilegee wala usibane, saa ikae juu kidogo ya kifundo cha mkono. Namba yenye thamani zaidi ni ya mapigo ukiwa umepumzika. Kwa mtu mzima kawaida huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Kwa mkimbiaji aliyezoea inaweza kushuka hadi arobaini na kitu bila ubaya wowote.

Hapa ndipo ninapoipa saa heshima yake. Daktari anakuona dakika kumi kwa miezi mitatu. Saa inakaa nawe usiku na mchana. Kama kwa miezi mapigo yako ya kupumzika yamekuwa 64, halafu wiki hii yako 80 na hujui kwa nini, kuna jambo. Inaweza kuwa homa inayoanza, upungufu wa damu, mimba changa, dawa mpya, au siku tatu za kukesha msibani. Saa haitakwambia ni lipi. Tanga, Muheza na Pangani mtu akipata joto huwaza malaria kwanza, na joto la mwili huyapandisha mapigo, iwe ni malaria, mafua au jipu. Kinachotofautisha ni kipimo cha tone la damu la kidole pale zahanati, ambacho majibu yake hutoka ndani ya nusu saa. Saa iliyokusukuma ukapime mapema imefanya kazi yake. Ukikaa nyumbani kwa kuwa inasema joto la mkono ni la kawaida, imekuponza.

Kuna jambo jingine ambalo saa chache za bei kubwa zinalifanya vizuri, nalo ni kuona moyo unaopiga bila mpangilio. Tatizo hilo huweza kuachia donge la damu likaenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Utafiti uliogharamiwa na Apple na kuendeshwa na Stanford uliwaandikisha watu 419,297 nchini Marekani, matokeo yakachapishwa Novemba 2019. Waliopata onyo la saa walikuwa 2,161, yaani nusu asilimia. Kati ya 450 waliovaa baadaye kifaa cha kurekodi moyo kwa siku kadhaa na kukirudisha, asilimia 34 walikutwa nalo. Tatizo hili huja na kuondoka, kwa hiyo wengine huenda wanalo na halikuonekana siku hizo. Hata hivyo hesabu inatufundisha namna ya kulipokea onyo: mtu akaonane na daktari, asianze kugawa urithi.

Ila onyo hilo limetengenezewa watu wa miaka 22 na kuendelea. Kwetu Afrika Mashariki moyo unaugua mapema kwa njia nyingine. Mtoto anaumwa koo mara kwa mara, hatibiwi ipasavyo, homa ya rumatiki inamfuata na kuharibu valvu za moyo, na akiwa na miaka 16 anahema kwa kupanda ngazi. Mtoto huyo hayumo katika hesabu za saa. Anahitaji sikio la daktari na kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, na wengi wa aina yake huishia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Presha ya mhogo

Sasa presha, maana ndiyo inayouza saa hizi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban mmoja kati ya wanne ana presha ya juu. Wengi hawakuwa wakijua, kwani presha haiumi. Inakaa kimya, inachosha moyo na figo, mpaka siku mzee anaamka mdomo umekwenda upande. Mtu akiambiwa kuna saa itakayomwonyesha presha wakati wowote bila kwenda hospitali ya Bombo wala kituo cha afya, atauza kuku.

Kipimo cha presha kinachoaminika hadi leo kina mfuko wa hewa unaobana mkono wa juu mpaka damu isimame, kisha hewa inatolewa taratibu mpaka damu ipite tena. Daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alikieleza mwaka 1896, mwaka ambao reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Muheza. Mrusi Nikolai Korotkov akaongeza njia ya kusikiliza sauti ya mshipa mwaka 1905, reli ikiwa imefika Mombo. Tangu hapo mashine zimekuwa za umeme na za betri, lakini bado zinabana mkono. Bila kuubana mshipa kuna kukadiria tu.

Saa isiyo na mfuko inakadiria. Inatazama umbo la wimbi la damu kwa zile taa za kijani, inachanganya na umri na uzito uliouandika kwenye simu, kisha inatoa namba. Tazama wakubwa wa biashara hii wanavyokwenda kwa tahadhari. Samsung inamtaka mtumiaji airekebishe saa kwa kipimo cha mkono wa juu kila baada ya siku 28, la sivyo haitoi presha. Huawei iliona bora itengeneze saa ya Watch D yenye mfuko mdogo wa hewa ndani ya mkanda. Apple, kampuni yenye fedha za kuajiri mtafiti yeyote, ilipoleta huduma ya presha Septemba 2025 haikutoa namba kabisa. Saa yao inatazama mwenendo wa siku 30, ikiona dalili inakuonya, na inakutaka uthibitishe kwa kipimo cha mkono kwa siku 7. Tena wanasema haikukusudiwa kwa mjamzito, wala kwa mtu aliyekwisha kuambiwa ana presha.

Halafu ile ya elfu thelathini inakupa 118 kwa 76 ndani ya nusu dakika, bila kukuuliza lolote.

Lipo jaribio rahisi. Chukua mhogo mbichi wenye unene wa kifundo cha mkono, ufunge saa, bonyeza sehemu ya presha. Zipo saa zitakazokupa presha ya mhogo, tena presha nzuri ya kijana wa miaka ishirini. Tuwe waadilifu: mapigo ya moyo peke yake hata saa nzuri inaweza kuyaona pasipo moyo, kwa sababu mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu chochote unaweza kuichanganya. Lakini saa inayoukadiria mhogo presha kamili ya juu na ya chini imekiri yenyewe kwamba namba zake inazitoa mfukoni. Zinatoka karibu na 120 kwa 80 kwa sababu hizo ndizo wanunuzi wanazotaka kusikia.

Hatari yake ni ya kweli na ni ya nyumbani. Mama aliandikiwa vidonge vya presha vya kila siku. Mwanawe anamtumia saa. Saa inasema presha iko sawa asubuhi, mchana na jioni. Mama anaona vidonge havina haja tena, hasa mwezi ambao fedha ni ngumu na foleni ni ndefu. Hakuna anayemwambia kwamba hata kama namba ingekuwa ya kweli, ingekuwa nzuri kwa sababu ya vidonge hivyohivyo anavyoviacha. Kwa mjamzito hali ni kali zaidi. Presha inayopanda ghafla huweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba, na kliniki humpima mama mkono wa juu na mkojo kila hudhurio kwa sababu hiyo. Saa isimpunguzie mahudhurio hata moja.

Kipimo cha mkono wa juu nacho kina adabu zake, na nyumba nyingi hazizifuati. Mtu atoke chooni kwanza. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa kabla, jambo ambalo kwa mzee aliyetoka barazani na vikombe vinne vya kahawa chungu linahitaji mazungumzo. Aketi dakika 5 akiegemea, miguu ikanyage chini bila kukunjwa nne, mkono ulazwe juu ya meza usawa wa moyo, mfuko ukae juu ya ngozi na si juu ya shati, na asizungumze. Apime mara mbili, aandike. Ikirudi 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, aende na daftari lake kwa mganga. Daftari la wiki moja lililoandikwa hivyo lina maana kuliko picha za mwaka mzima za saa.

Sukari sitaikalia. Februari 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasitumie saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi, ikisema haijaidhinisha hata moja. Vipo vifaa vya kweli vinavyobandikwa mkononi vikiwa na uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi, na vinaweza kutuma majibu kwenye saa, lakini hapo saa ni kioo tu cha kusomea. Mgonjwa wa kisukari anayepanga dozi ya insulini kwa saa ya mtaani anaweza kufa. Muuzaji anayejua hilo na bado anauza kwa jina la sukari ana lake la kujibu.

Zilipimwa kwa nani?

Oksijeni inahitaji maelezo zaidi, maana inatugusa kwa rangi yetu. Saa hutumia mwanga mwekundu na ule usioonekana kwa macho, ikilinganisha jinsi damu yenye oksijeni na isiyo nayo inavyoufyonza. Weusi wa ngozi nao hufyonza mwanga. Desemba 2020, corona ikiwa imeshika dunia, madaktari wa Michigan walichapisha ulinganisho wa vifaa vya hospitali vinavyobanwa kidoleni na vipimo vya damu yenyewe. Kati ya waliosomewa oksijeni ya kuridhisha, asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi walikuwa kwa kweli na upungufu mkubwa, wakati kwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Hivyo vilikuwa vifaa vya hospitali. Saa ya mkononi ina kazi ngumu zaidi, kwa sababu ngozi ya juu ya kifundo ina damu kidogo kuliko ncha ya kidole. Haki inataka tuseme pia kwamba kwenye mapigo ya moyo ule utafiti wa Duke haukuona tofauti kubwa kati ya ngozi nyeusi na nyeupe. Tatizo la rangi liko zaidi kwenye oksijeni.

Watu wa ukanda huu wanajua maana ya kupima kitu kabla ya kukiamini. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kati ya mwaka 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, kwa watoto 15,459, na vituo viwili vya Tanzania vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Wazazi walieleweshwa, watoto wakafuatiliwa miaka, na matokeo yakatangazwa pamoja na upungufu wake, kwamba kinga hupungua kadiri muda unavyokwenda. Sasa chukua boksi la saa utafute mahali palipoandikwa ilijaribiwa kwa nani, wangapi, wenye ngozi gani, umri gani. Kwenye zile za bei rahisi hutapaona. Utakachokiona, kwa herufi ndogo chini kabisa, mara nyingi ni sentensi ya kusema kwamba hiki si kifaa tiba. Upande wa mbele moyo mwekundu na presha, upande wa chini kanusho. Tunayo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, yenye kazi ya kusajili vifaa tiba. Saa inayotangazwa kwa presha na sukari iulizwe kama kifaa tiba, hata ikiwa imetundikwa kati ya makava ya simu.

Yapo pia mambo madogo ya kipwani ambayo kitabu cha maelekezo hakiyajui. Ramadhani ikiingia, saa inaanza kukukumbusha unywe maji saa nane mchana. Mtu amelala baada ya tarawehe, ameamka daku, amelala tena baada ya alfajiri. Saa inajumlisha vipande hivyo na kumpa alama za mgonjwa. Wavuvi wa dagaa wanaokesha baharini na taa na kulala mchana nao hupewa lawama hizohizo. Kwa usingizi saa inajua vizuri kiasi umelala muda gani kwa jumla, lakini haina uhakika na sehemu za usingizi mzito na wa ndoto inazozichora kwa rangi, na ukilala macho bila kujigeuza inaweza kuandika kwamba umelala. Ukiamka mwepisi na saa inasema ulilala vibaya, ushike mwili wako. Saa zinazoonyesha nyakati za sala na kibla zimependwa, na hilo sina ugomvi nalo.

Bibi harusi aliyepakwa piko hadi kwenye kifundo anaweza kukuta saa haimsomi, kwa sababu wino mweusi humeza mwanga kabla haujafika kwenye damu. Watengenezaji wenyewe huonya kuhusu michoro ya ngozi. Jasho la Tanga na maji ya udhu yakikaa chini ya mkanda wa mpira huleta vipele, basi ivuliwe, ikaushwe. Ukiogelea nayo Raskazone, isuuze kwa maji baridi, maana chumvi hula mpira na vitobo vya kuchajia.

Jambo ambalo watu hawaliulizi dukani ni habari zao zinakwenda wapi. Saa nyingi hazifanyi kazi kikamilifu bila programu ya simu, na programu za saa za bei rahisi huomba ruhusa ya kusoma majina ya watu uliowahifadhi, ujumbe wako, na mahali ulipo. Januari 2018 dunia ilishtuka kugundua kwamba ramani ya programu ya mazoezi ya Strava ilikuwa ikionyesha njia za askari wanaokimbia ndani ya kambi zao katika nchi za vita. Kama askari walianikwa, mwanamke anayekimbia peke yake njia ileile kila alfajiri ana sababu ya kuizima ramani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti. Sheria hiyo ni nzuri, ila kumpata mwenye programu ambaye hata anwani hakuandika ni kazi nyingine.

Nani basi anunue? Kijana wa jogging, mwalimu anayekaa kutwa na anataka kujisukuma, mtu aliyeambiwa na daktari apunguze uzito, hawa saa itawasaidia, mradi ni ya kampuni yenye jina na programu inayoendelea kuhudumiwa. Mikanda myepesi isiyo na madoido mengi inatosha, na chaji yake hukaa siku nyingi kuliko saa kubwa inayotaka umeme kila usiku. Waitumie kujilinganisha na nafsi zao za mwezi uliopita. Kwa kalori waifumbie macho. Kwa presha, sukari na oksijeni, waizime kabisa sehemu hiyo kama saa inaruhusu.

Mwenye mzazi wa presha asimtumie saa. Amtumie kipimo cha mkono wa juu chenye mfuko unaoenea mkono wake, daftari na kalamu, na nauli ya kliniki. Na kama mzazi huyo ameshaacha vidonge kwa sababu saa ilimwambia yuko salama, mpeleke zahanati wiki hii, ukiwa na vidonge vyake mkononi mganga avione.